Mbegu Iliyorudi kutoka Milanzi

Mwimbi, 19 Januari 2025

Mke wangu mdogo Redempta,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na kaka zangu wote. Nimewazidi umri nzige wekundu, nimemzidi mwenyekiti aliyetuhamisha kwa lori, na yule daktari aliyesema Krismasi sitaiona, yeye ndiye hakuiona. Kwa hiyo nikikwambia mimi ni mzima, amini. Wewe hujambo huko Dodoma? Unakula? Huyo rafiki yako Faith unayekaa kwake, hajakuchoka? Hapa mvua ni nzuri. Mahindi yananifika kifuani, na mimi si mfupi, unanijua.

Naandika kwa mkono wangu. Cheti cha elimu ya watu wazima ninacho, kimetundikwa ukutani. Simu najua kuipokea, lakini maneno ya simu hayana shahidi. Barua ina shahidi.

Sasa sikia. Jumamosi baba yako Adriano alikuja kutoka Katandala na guta la mizigo. Hakuja kunisalimia, alikuja kuchukua kompyuta yako.

"Baba, ile kompyuta inakula vumbi tu hapa. Stesheneri kwangu wateja wanapanga foleni."

"Ni ya Redempta."

"Redempta nimemsomesha mimi."

"Na wewe nilikusomesha mimi. Mbona sijaja kuchukua pikipiki yako?"

Akakasirika. Akasema kutengeneza programu ni kazi ya watoto wa wakubwa, wewe urudi ukachape barua za watu dukani kwake. Mimi nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kompyuta, nikakunja mikono. Alisimama, alizunguka, alikunywa maji, akaondoka na guta tupu. Lakini alipofika mlangoni akasema, "Ilinde tu, imeshakufa, imejaa virusi." Ni kweli? Na kazi, umepata?

Babu yako, mumeo wa kwanza,
Gaudensi


Dodoma, 9 Februari 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Faith akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mzima, mume wangu, ila vumbi. Wewe miguu vipi? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeificha tena? Nisalimie jirani yako mama Coleta na mumewe katekista.

Kazi bado. Nimepeleka maombi kila mahali, wanauliza uzoefu. Sasa kuna ofisi moja hapa imesema cheti haitaki kukiona, inataka kuona kitu nilichotengeneza mimi mwenyewe. Wamenipa mwezi wa tano katikati. Hapo ndipo nilipofika, babu. Nikikosa hapa narudi Katandala kuchapa barua, maana Faith anaolewa na chumba kinaisha.

Kitu ninacho. Ni ile programu yangu ya kuwakumbusha wakulima kwa ujumbe wa simu, siku ya mbolea, siku ya dawa. Ni kazi ya miaka miwili. Lakini imo humo ndani ya kompyuta unayoilinda, na flash niliyokuwa nimeinakilia imeliwa na virusi hivyo hivyo vya dukani kwa baba.

Kompyuta haijafa. Kilichokufa ni mfumo wake, yaani kile kitu kinachoiamsha na kuiongoza. Tuliwekewa mfumo wa wizi, ndiyo maana. Upo mwingine unaitwa Linux. Haununuliwi, babu. Umetengenezwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja anatia mkono wake, na ukiupata unaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kumgawia mwingine. Nimejaribu aina tatu kwenye kompyuta ya Faith, huu niliouchagua ni mwepesi, unakwenda hata kwenye mashine kuukuu.

Nimeuweka kwenye flash, konda wa basi atakuletea pamoja na barua hii. TAFADHALI USIGUSE. Timoth mtoto wa shangazi atakuja mwisho wa Machi, nimemweleza namna ya kuokoa programu yangu kwanza, ndipo auweke. Wewe endelea kukalia kiti tu.

Mjukuu wako na mkeo mvumilivu,
Redempta


Mwimbi, 2 Machi 2025

Mke wangu Redempta,

Marahaba. Miguu ni mizima, dawa ya kuchua nimempaka mbuzi aliyeteguka, amepona. Coleta anakusalimu. Wewe hujambo? Faith hajambo na mchumba wake?

Furahi! Kazi imekwisha. Huyo Timoth nimsubiri nini, kijana anayelala mpaka jua linamchoma? Nimeiweka mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na tisa, mkono huu huu ulioshika jembe! Nilichomeka flash, nikawasha, nikabonyeza bonyeza mpaka ikaamka na rangi zake. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nikamwita Coleta, si unajua alifanya kazi kwa masista, akawa ananisomea. Mahali pamoja ikauliza swali. Coleta akasema, "Mzee, inauliza, tufute kila kilichomo humu kwanza, au tuweke kando ya vilivyopo?"

Nikacheka. Mfipa gani anaulizwa hivyo? Mwaka huu unafukia majani kwenye tuta, unapanda maharage juu yake. Mwaka unaofuata unabomoa tuta lote, unasawazisha, ndipo unamwaga ulezi. Ukimwaga ulezi juu ya tuta la mwaka jana, watu watauliza umetoka nchi gani. Nikamwambia, "Jibu futa. Na haraka."

Sasa inakwenda kama maji. Virusi hakuna. Mwambie Timoth abaki kwao alale. Mwambie baba yako pia.

Babu yako, fundi,
Gaudensi


Dodoma, 14 Machi 2025

Shikamoo.

Babu, hakukuwa na majani mle ndani. Ulikuwa ulezi wenyewe, tayari umeshakomaa. Timoth nimemharakisha, amefika kwako Jumatano, ameangalia, hakuna kitu. Miaka miwili. Nilikuandikia usiguse kwa herufi kubwa.

Usiniandikie kwanza.

Redempta


Mwimbi, 6 Aprili 2025

Redempta,

Marahaba. Umesema nisiandike, naandika. Barua yako haikuniuliza afya wala haikutaja wewe ni nani kwangu, imekatika chini kama mkia wa mjusi. Mimi ni mzima. Wewe je?

Sikiliza, sikukosea. Niliulizwa swali la shamba, nikajibu jibu la shamba. Kama hao maelfu ya watu wasiojuana walitaka nijibu vingine wangekuja Ufipa kwanza kuona tunavyolima. Timoth alitikisa kichwa mbele yangu, nikamtoa nje. Baba yako naye amekuja kwa makusudi, kacheka mpaka machozi. "Baba, umenisaidia! Sasa atarudi." Nikamwambia harudi. Akasema, atakwenda kwenye hiyo ofisi na nini? Nikamwambia harudi, na guta lako lisionekane kwenye uwanja wangu.

Nimekuwa nikiwaza huku napalilia maharage. Zamani wadudu bungo waliingia ghalani kwa baba yangu, ulezi wa mbegu ukawa unga. Mama alilia. Baba hakulia. Alijiuliza, mwaka juzi nilimpa nani mbegu? Akachukua kikapu, akaenda kwa huyo aliyempa, akarudi nayo. Mbegu uliyoifungia ni ya bungo, uliyogawa ni yako.

Na wewe uliigawa ile programu. Nakumbuka, kwa sababu baba yako alipiga kelele kwamba unagawa bure jasho lako, na mimi, kwa mara moja tu katika maisha yangu, nilikuwa upande wake. Maana ulimpa Sayi, binti wa Maganga. Maganga! Kabla hajahamia Milanzi na mifugo yake, ng'ombe wake walimaliza maharage yangu kwenye matuta yote, mabua na maua. Nilisema mbele ya watu wote sokoni kwamba mguu wangu hautakanyaga kwake mpaka nife.

Niambie kama nimekumbuka sawa. Sayi bado anayo?

Babu yako,
Gaudensi


Mwimbi, 27 Aprili 2025

Redempta,

Hukujibu. Hujambo lakini? Mimi mgongo umekaza kidogo, na utasikia kwa nini.

Nimekwenda Milanzi. Nilipanda gari alfajiri, nikashuka mjini, nikakataa bodaboda maana kijana alitaka kunishika mkono kama mgonjwa, nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Maganga amekaa nje. Ameota kitambi. Aliponiona akasimama, akaita watu wa ndani.

"Njooni muone! Mfipa anapiga hodi kwa ng'ombe!"

"Sijaja kuwaamkia ng'ombe wako. Wao walishaniamkia shambani."

"Si ulisema mpaka ufe? Umekufa lini, tuje matanga?"

"Nikifa wewe nitakuwa nimeshakuzika."

Akacheka, akaamuru mtindi. Kibuyu kizima. Akasema kwake hakuna shida inayosemwa na mtu mwenye koo kavu, kwanza ninywe, ndiyo nieleze. Nikakiangalia kile kibuyu. Redempta, yale yalikuwa maharage yangu. Nimeyanywa. Ni mazuri.

Ndipo Sayi akatoka dukani kwake, lile la dawa za mifugo. Ni mwanamke mzima sasa, ana miwani. Akanipigia magoti kidogo, akaniuliza nimekuja na shida gani. Nikamjibu. Akaenda ndani.

Akarudi na kompyuta. Akasema, "Babu, ninayo. Lakini siyo ile ile aliyonipa. Nimeigeuza. Sasa inawakumbusha wafugaji siku za chanjo na josho. Upande wa mahindi upo, sikuugusa, ila nimejenga vyangu juu yake. Nilitaka kumwonyesha Redempta, nikasikia kwenu mmekasirika alivyonipa, nikaona aibu."

Maganga akasema, "Mpe mzee. Lakini ajue anabeba na ng'ombe wangu humo."

Nikasema mbegu ikitoka kwa jirani hurudi imechanganyika, baba yangu naye alirudi na ulezi mwekundu na mweusi katika kikapu kimoja, akaupanda wote, na ndio huo tunaokunywa pombe yake hadi leo.

Sayi amesema atakutumia kwa njia zenu za hewani. Mimi hewa siiamini. Nimemwambia aweke kwenye flash tatu. Moja ipo kwa Coleta, moja imo ndani ya shati langu la kanisani, na moja ninampa konda pamoja na barua hii.

Simalizi kwa kuomba chochote.

Babu yako,
Gaudensi


Dodoma, 25 Mei 2025

Babu, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje? Dawa uchue mgongo, siyo mbuzi. Mama Coleta hajambo? Mimi ni mzima.

Sayi sikumfikiria kabisa, nilidhani programu alishaitupa. Flash ilifika. Ya hewani pia ilifika, lakini nilifungua ya flash kwanza, ilikuwa inanuka ugoro wako.

Usiku na mchana nilikuwa nasoma alichoandika Sayi. Mahali pengine amenishinda, nakwambia wewe tu. Mahali pengine alikosea nikarekebisha, nikamrudishia, akanitumia matusi ya Kisukuma, tukaelewana.

Siku yenyewe walikuwa watatu. Mwanaume mmoja mwenye tai akaangalia kidogo, akauliza, "Hii sehemu ya mifugo umeandika wewe?"

Nikasema hapana, ni Sayi, yuko Sumbawanga.

"Kwa hiyo kazi unayotuletea si yako."

Babu, nilikukumbuka na kiti chako. Nikakunja mikono. Nikamwambia, "Ni ya kwetu. Mimi nilianza, nikampa, akaongeza, amenirudishia, nimerekebisha. Hata huo mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta yako hapo mezani umetengenezwa hivyo hivyo. Kama unataka mtu ambaye hajawahi kugusa kazi ya mwenzake, mimi siye."

Akalegeza tai. Mama aliyekaa pembeni akavuta kiti karibu, akasema, "Nionyeshe mlivyounganisha." Nikamwonyesha mpaka chai yao ikapoa. Mwishoni akasema wanao vijana wengi wa kuanza upya, wanaowakosa ni wa kuendeleza cha mwingine bila kukivunja.

Naanza Julai Mosi. Wamekubali kwa maandishi kwamba ya kwetu inabaki ya wote, na tumeshaiweka wazi mtandaoni, jina langu na la Sayi, achukue anayetaka. Mwambie baba, au nimwambie mimi. Hapana, mwambie wewe, najua unatamani.

Lakini sijakusamehe yote, mume wangu. Nimeokoka kwa sababu Sayi alikuwepo. Asingekuwepo je? Nataka neno moja tu kwenye barua yako: nilikosea. Liandike, halafu tunaanza upya.

Mjukuu wako,
Redempta


Mwimbi, 15 Juni 2025

Mke wangu mdogo Redempta,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu ni ya Julai Mosi. Mimi ni mzima. Baridi imeingia, tunaota moto mchana. Ulezi umekubali. Hujambo wewe, mwenye ofisi?

Baba yako nimemwambia. Nilikwenda Katandala kwa makusudi, nikasimama dukani, nikasema kwa sauti mbele ya foleni yake. Mama mmoja akapiga vigelegele, hata hakujua ni kwa ajili ya nini. Adriano alijifanya anahesabu karatasi, ila alitabasamu kwa pembeni, nilimwona, asibishe.

Juzi naye amekuja kwangu na guta. Safari hii lilikuwa limejaa, kompyuta mbili za duka zimekufa kwa virusi. "Baba, wanasema unajua kuweka hiyo ya bure." Wanasema! Nikachomeka. Lilipokuja lile swali, kabla sijabonyeza, nikageuka nikamwuliza, "Vilivyomo humu umempa nani akutunzie?" Akasema hakumpa mtu. Nikachomoa flash. Nikamwambia arudi Katandala, atafute mtu wa kumpa, ndipo aje. Amenuna, amekwenda. Jana amerudi, ameshamgawia Timoth. Tumeweka.

Sasa lile neno unalotaka. Silo. Mkono huu haujawahi kuliandika, na katika umri huu hautajifunza herufi mpya. Mimi nilijibu kama nilivyofundishwa na shamba, basi.

Lakini usiseme babu anatunga. Kwamba niliulizwa na nikajibu, shahidi ni Coleta, alisoma yeye. Kwamba nilikunywa mtindi wa maharage yangu mpaka chini, shahidi ni Maganga, alikigeuza kibuyu kuhakikisha. Kwamba baba yako alitabasamu, foleni nzima iliona. Na siku ile pale Milanzi, Sayi aliponiuliza nimekuja na shida gani, nilimjibu. Nilimjibu nimevua kofia. Muulize yeye nilisema nini. Atakachokwambia ni kweli.

Babu yako, mumeo wa kwanza,
Gaudensi