Bonde la Kimbiji Lilivyofyekewa Wageni

Mama yangu mpenzi,

Huko uliko najua simu hazishiki, ndiyo maana nakuandikia. Nina habari za bonde letu la Kimbiji, na nakuomba usicheke mpaka nimalize.

Unakumbuka kazi yangu ilivyokuwa inakutatiza. Nilikueleza mara nyingi: tunakwenda maeneo ya mashamba, tunaangalia ardhi ina sura gani, miti yake, njia zake, utulivu wake, watu wameishije pale, kisha tunashauri wapi pajengwe na wapi paachwe watalii waje kupatembelea. Ulisikiliza kwa adabu, halafu ukauliza, "Kwa hiyo mwanangu, unalipwa kwa kutazama?" Majirani ukawaambia nafanya kazi ardhi, yakaisha.

Wewe mandhari ulikuwa na kipimo kimoja tu: pasafi au pachafu. Jani lililosimama wima lilikuwa uchafu. Siku wakwe zangu walipoleta posa, ulifyeka kuanzia barabarani, ukamalizia na ule ua wa michongoma. Wageni walikuwa wameelekezwa wakate kona kwenye michongoma, na michongoma haikuwepo tena. Walizunguka kijiji kizima. Nusura posa yangu ipokelewe kwa jirani.

Sasa sikiliza. Mwaka huu bonde letu limeingia kwenye tathmini. Likionekana halina haiba ya pekee, linakatwa viwanja, na barabara ya kwenda ufukweni inapita katikati, juu ya mihogo, juu ya minazi na, Mama, juu ya kaburi lako. Nilimwambia bosi wangu mapema kwamba pale ni kwetu. Akasema sawa, nitamwonyesha njia tu, kalamu atashika yeye. Nikampigia Mjomba Sefu, mdogo wako, nikamwambia tunakuja kuangalia mandhari, ila wasijisumbue. Lakini kwetu nani aliwahi kuambiwa mgeni anakuja, akatulia?

Tulipofika sikulitambua bonde. Vichaka vyote chini. Matete ya kijitoni yameng'olewa. Minazi imepakwa chokaa hadi kiunoni, kama vile Mwenge wa Uhuru unapita. Katikati pamefungwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, pilau linanukia. Mjomba kavaa kanzu iliyopigwa pasi, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Eti, mandhari si mnaiona? Zamani msingeiona, pori lilikuwa limeiziba!"

Bosi alizunguka na picha yake iliyopigwa kutoka angani, akitafuta msitu. "Mzee, vile vichaka viko wapi?"

"Ule uchafu? Tumeuchoma jana. Nyie tembeeni tu, hata nyoka hamna."

Bosi ni mtu wa bara, mpole. Alikula, akashukuru, akarudia kula, kisha akanivuta pembeni. "Nikiandika ninachokiona, huu ni uwanja wa mpira." Nikamsihi arudi baada ya masika, maana pori la pwani halihitaji kubembelezwa. Alitazama lile sufuria la pilau, akakubali.

Mvua ilifanya kazi yake bila shida. Shida ilikuwa Mjomba. Kila wiki nilipiga simu kutoka kwangu Kawe kumzuia asiguse fyekeo.

"Mwanangu, mie naaibika," alilalamika. "Watu wanapita wanasema tangu dada afariki, sie hata panga linatushinda. Jana mbuzi kapotea humu humu uani!"

"Vumilia, Mjomba."

"Marehemu angeniona!"

Kweli, ungemuona ungemfyeka yeye.

Lakini alivumilia, na mimi nampa heshima yake. Bosi aliporudi, matete yalikuwa yamesimama, ndege wanapiga kelele, njia unaitafuta kwa mguu. Aliingia kwa furaha, moja kwa moja kwenye upupu. Akaandika huku anajikuna, na aliyoyaandika yamekubaliwa: bonde libaki lilivyo, uoto wake usikatwe, watalii wapite kwa miguu, barabara izungukie kwingine. Nilipompigia Mjomba aliuliza, "Yaani tumeshinda kwa uvivu?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Jumamosi nikaenda kaburini kukupa habari mwenyewe, na huko kicheko kikakatika. Majani yalikuwa yamekufunika. Wewe, ambaye mgeni hakuwahi kukukuta na jani mlangoni, umelala kichakani, na ni mimi niliyeomba kichaka kiachwe. Nilikukumbuka, Mama, nikaumia sana. Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa kwa mkono.

Mjomba akakohoa nyuma yangu. "Mtaalamu, si mmesema humu jani lisiguswe?"

"Mtaalamu kabaki Kawe," nikamjibu. "Hapa kaja mtoto wa mwenye nyumba."

Alikunja kanzu, akachuchumaa upande wa miguuni, akaanza na yeye.

Basi pumzika, Mama. Bonde ni la watalii, lakini mlangoni kwako hapana jani.

Mimi mwanao,
kitindamimba wako