Nionyeshe Bibi Yuko Wapi

Shoga, nimejifungia stoo ya vitabu. Usipige, andika tu.

Nilikuwa nawafundisha darasa la nne dunia ilivyoanza. Nikachora duara ubaoni, nikasema kwa mbwembwe zangu zile: ilikuwa donge la moto, juu ikapoa, ndani mpaka leo inatokota.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi tulimzika Jumamosi. Walichimba chini sana."

Chini sana, shoga!

Nikamwambia bibi yuko juu juu, moto haumfikii. Akaokota chaki, akanipa. "Nionyeshe bibi yuko wapi."

Nimwonyeshe wapi? Kwenye mchoro ule, kaburi zima halifikii hata unene wa mstari wa chaki!

Nikamrudishia chaki, nikasema nakuja. Kengele imelia, wenzake wametoka. Namwona kupitia dirisha la stoo, bado ameishika ile chaki.