Mbao Kavu za Darini

Jumatatu, 5 Januari 1824

Joto la kukaanga. Nimetembea mwendo wa saa nne hadi ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kuhamia Cape Town — mara ya sita! Karani Dreyling hakuinua hata uso. Eti nimeandikwa mkulima katika kundi la walowezi la Bwana Hallett, na mkulima hukaa shambani kwake. Nikamwambia mimi fundi wa magurudumu, baba yangu fundi wa magurudumu, jembe sikuwahi kulishika hadi waliponipakia melini kunileta huku koloni la Rasi. Akasema basi nijifunze, jembe halina siri.

Ngano imeingia ugonjwa wa kutu tena. Na shamba lenyewe Waxhosa wanasema ni la baba zao. Nijifunze nini?

Na mbao zangu je? Juni iliyopita watu wa ofisi ya wilaya walikuja na magari mawili ya maksai wakazoa kibanda kizima, mbao zilizokauka miaka mitatu, eti nimezikata msitu wa Mfalme bila ruhusa. Ruhusa ninayo, ina muhuri! Sasa ni paa la jela. Nikipita pale nazitambua moja moja. Haya nimeyaandika humu mara ngapi sijui. Mke wangu Keziah anasema daftari hili litakuja kunizomea.

Jumatano, 7 Januari

Ndugu Larkham wa kanisani kwetu ameumia. Gari lake lilikuwa limejaa mawe ya kanisa, anateremka nalo kivukoni, yeye mwenyewe akitembea kando. Gurudumu la mbele kushoto likafumuka, gari likamlalia mguu. Tulikuwa wanaume watano kuliinua. Hakulia. Aliniomba tu nimwangalie maksai wa kulia, kwamba ameumia bega.

Gurudumu ni kazi yangu. Nililitengeneza Septemba.

Alhamisi, 8 Januari

Daktari wa jeshi amekata mguu, chini ya goti. Thirza alimshika mumewe kichwa, mimi mabega. Sitaandika zaidi.

Baadaye nikaenda kivukoni peke yangu kuangalia vipande. Spoku, zile fito za gurudumu, zimechomoka kwenye kitovu kama meno ya mzee. Zimesinyaa. Mbao mbichi, joto la wiki hizi limezikaushia kazini. Wala sikuwa na haja ya kwenda kuangalia — nilijua tangu Septemba. Sisi mafundi tunachoma alama kwenye kitovu cha kila gurudumu, likiharibika ajulikane wa kulaumiwa. Hili sikulichoma. Larkham aliuliza kwa nini, nikamwambia chuma cha alama kimepotea. Kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Nimerudi nikamkuta Bwana Hallett uani kwa Larkham, watu wamemzunguka. Anasema mguu huu ameukata Mkuu wa Wilaya, si daktari. Akaninyooshea kidole: wangemwachia Tranter mbao zake, leo Larkham ana miguu miwili. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia. Ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayonimaliza.

Ijumaa, 9 Januari

Basi niandike, humu hakuna msomaji.

Hawakuzichukua zote. Asubuhi ile ya Juni niliyasikia magari yakiwa bado ng'ambo ya mto, nikapandisha darini mafungu mawili ya spoku, kavu kabisa, zinatosha magurudumu mawili. Nikaziwekea gari letu wenyewe, la kutupeleka Cape Town kibali kikitoka. Larkham alipokuja Septemba kutaka gurudumu, zilikuwa juu ya kichwa chake amesimama hapo hapo mlangoni! Akauliza, hizi unazochonga zimekauka? Nikasema zimekauka. Akanipa mkono akaenda zake. Hakugusa hata moja kuhakikisha.

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwambia sina. Nilitaka tu asijue ninazo.

Jumapili, 11 Januari

Darasa la leo, kikao chetu cha kanisa cha kuulizana hali ya roho, tumelifanyia kitandani kwa Larkham, maana yeye ndiye kiongozi wetu na amekataa liahirishwe. Amelala, rangi imemtoka, anauliza mmoja mmoja kama kawaida: hali ya roho yako ikoje wiki hii? Thirza akasema amekuwa na hasira na Mungu. Mzee Pascoe akasema amelewa mara moja. Zamu yangu ikafika. Nikaanza na Dreyling, nikaenda kwenye kibali, mbao, jela — nadhani robo saa nzima. Larkham alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, hayo ni ya ofisini, Ndugu Tranter. Mimi nimekuuliza ya rohoni.

Watu wakacheka, kwa upendo. Nikasema iko salama.

Jumatano, 14 Januari

Tume kutoka London imetua, inasikiliza malalamiko ya walowezi wilaya kwa wilaya. Kwetu ni tarehe mbili Februari. Bwana Hallett ameandika hati ndefu, na mambo mengi humo ni ya haki: watu waliofungwa kwa kufanya mkutano tu, wajane waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Lakini jambo la kwanza kabisa ni mguu wa Larkham. Imeandikwa kwamba fundi Enoch Tranter hakubakishiwa hata ubao mmoja. Bwana Hallett akanipa kalamu, akasema Tranter, hii ni siku yako.

Nikatia sahihi.

Nyumbani Keziah alikuwa anakatakata vitunguu. Akatazama juu. Akauliza, mume wangu, huko darini kuna panya au kuna mbao? Nikamwambia afunge mdomo. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwambia hivyo.

Jumanne, 20 Januari

Kibali kimetoka! Dreyling amekileta mwenyewe, juu ya farasi, jasho linamtiririka. Wanaogopa Tume, hilo halina ubishi. Akatabasamu, akasema naweza kuondoka hata kesho, hakuna atakayenizuia. Nimekililia kibali hiki miaka mitatu. Nimekiweka mezani nimekikodolea macho kama barua ya mtu mwingine.

Nilianza kumweleza Keziah mipango. Tungeunga gari wiki hii, tungefika Cape Town kabla ya mvua za baridi. Alinisikiliza, ameshika kiuno. Akasema, Tranter, mimi kuondoka nataka kuliko wewe. Lakini ukiunga gari kwa spoku zile, panda peke yako. Mimi nitakwenda kwa miguu, maana miguu bado ninayo.

Sikula.

Jumamosi, 24 Januari

Thirza amekuja kuniomba gongo la kutembelea la mumewe. Alilopewa na jeshi limepasuka. Akasema kwa aibu, fundi, najua huna mbao nzuri, tengeneza na chochote.

Nikapanda darini. Nikachagua spoku nne zilizonyooka kuliko zote, nikaziunga mbili mbili kwa vigingi, kiungo ambacho baba angekipitisha. Nikasugua siku nzima. Pa kuwekea kwapa nikapafunika ngozi ya kondoo. Sijafanya kazi nzuri hivi tangu tushuke melini, na nikiwa naifanya nilijisikia mtu mwema! Mpumbavu mimi. Nikampelekea Larkham. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akatoka nje mara ya kwanza tangu aumie, akasimama juani akicheka peke yake. Akanibariki mbele ya watoto wake.

Nilikusudia kumwambia hapo hapo. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Nikasema, likilegea niite.

Jumapili, 1 Februari

Sikwenda darasani. Nimetuma ujumbe kwamba naumwa na tumbo.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika kwa penseli, mchana, kwenye benchi nje ya hema la Tume. Wamepumzika wale. Mimi ndiye wa kwanza wakirudi.

Asubuhi aliitwa Larkham. Akaingia na gongo lake, akaweka mkono juu ya Biblia, akaeleza ajali yote bila kuongeza neno. Kamishna ni mzee mpole, ana miwani, si mjinga. Akasema yeye ni mtu wa vitabu, hajui mbao, basi aelezwe tofauti ya mbichi na kavu. Larkham akafurahi kuulizwa. Akanyanyua gongo: kavu ni hii, mheshimiwa, igonge uisikie. Mzee akaigonga, ikalia vizuri. Akauliza nani katengeneza. Larkham akanionyesha kwa kidevu, anaringa kwa ajili yangu: fundi wetu Tranter, juzi tu. Mzee akarudi kwenye hati ya Bwana Hallett, akafuata mstari kwa kidole. Akasema, lakini hapa nasoma hakubakishiwa hata ubao mmoja. Hizi alizipata wapi?

Niliona kabisa Larkham alipofika kwa mawazo. Alilitazama gongo, akapitisha dole gumba kwenye kiungo, zilipokutana spoku mbili. Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na ningemshukuru angekuwa nayo.

Akamgeukia mzee. Akasema, ni mbao zangu mwenyewe, mheshimiwa, nilikuja nazo kutoka nyumbani.

Mkono ulikuwa bado juu ya Biblia! Obed Larkham, aliyemfukuza shemeji yake darasani kwa kudanganya umri wa farasi. Mzee akaandika, akashukuru, akasema tutaendelea baada ya chakula.

Sasa amekaa hapa benchi moja na mimi. Thirza kamletea mkate, hajaugusa. Nilianza kusema, Ndugu — akaniambia nisimwite hivyo, si leo. Baadaye kidogo akasema watu arobaini wametia sahihi karatasi ile, na wengi wao wameonewa kweli. Nikamuuliza basi nijibu nini. Akasema yeye lake ameshalisema, na atalijibu kwa Mungu. Langu hajui, na hataki kunifundisha.

Nikisema kweli, nimemfanya mwapa uongo mbele ya wilaya nzima, na hati inakufa na haki za watu wote. Nikisema kama yeye, nimemwacha abebe dhambi yangu kwa mguu mmoja. Kibali kiko mfukoni. Keziah amesimama karibu na farasi, ananitazama, hanisaidii.

Askari ametoka na orodha. Anasoma jina langu, analikosea, anasoma tena. Larkham amelivuta gongo lake upande ili nipite.