Wanawake Walioketi Juani kwa Ajili Yangu

Kwa Kwaleunga, Burns Creek,
Honiara.
Jumatatu, 13 Aprili

Mpendwa binti yangu Rosina,

Pokea salamu za baba yako. U hali gani huko ng'ambo, Bundaberg? Mgongo wako unaoinamia nyanya za watu kutwa nzima umepata nafuu? Unakula ukashiba? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini meno yangu bado yanavunja popoo, na wenzangu wa rika langu wote wanatwangiwa. Mama yako nilimwacha kisiwani ni mzima, anavuka kwenda bustani kila asubuhi kama kawaida yake.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mdogo wangu Kwaleunga alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Aibu ni yangu, basi na mkono uwe wangu. Herufi zikienda upande kama kaa, zifuate hivyo hivyo.

Nianze na habari njema. Mamula, timu anayochezea mwanao, imekuwa kubwa, Rosina. Ulipoondoka walikuwa wanafanya mazoezi kwenye kokoto, mpira ukitoboka wanarudi nyumbani. Watu waliwacheka kwamba wamejipa jina la samaki, basi wataliwa kama samaki. Leo wanalipwa mshahara kama makarani. Wanapanda ndege kwenda Fiji na Tahiti. Wakicheza hapa, kina mama wa sokoni wanafunika meza zao mchana kweupe. Na uwanja wao sasa una jukwaa la ngazi, lenye paa.

Na katikati ya timu hiyo ni Ellison wako. Wanasema pasi zake zinatambaa kama nyoka, haziinuki. Wanashangaa kajifunzia wapi. Kajifunzia kwangu! Kisiwa chetu ni mawe tuliyoyapanga baharini, uwanja tutautoa wapi? Nilimwambia, ukiutupa mpira majini uufuate mwenyewe. Akajua kuuweka chini. Hayo niliwaeleza watu wote melini kutoka bandari yetu ya Auki, mpaka nahodha akaniomba nipumzishe koo.

Nilikuja kwa sababu Mamula waliwaalika wazee wa wachezaji. Ilikuwa juzi Jumamosi, na wageni walikuwa timu ya Auckland. Sisi wazee tuliwekewa viti vya heshima. Na heshima ya watu wa mpira, mwanangu, ni mstari wa mbele kabisa, yaani chini kabisa.

Nikageuka nyuma. Jukwaa lote juu yangu ni wanawake. Safu juu ya safu, miguu juu ya kichwa changu. Wewe wajua jinsi nilivyolelewa. Hata nyumba ya ghorofa siingii kama kuna mwanamke juu. Nikasimama. Nikakataa kukaa.

Kijana wa viti akaja. "Mzee, kiti chako ndicho hiki, kina jina lako."

"Jina langu likae," nikamwambia, "mimi sikai."

Wanawake wakaanza. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, mgongo wako si wa kioo! Tuone mpira!" Mwingine, "Anaogopa miguu yangu, na leo nimeiosha kwa sabuni!" Jukwaa likacheka. Hapo ndipo damu ikanipanda. Nikawaambia washuke wote. Nikasema kichwa changu hakijawahi kuwa chini ya mguu wa mwanamke, na hakitaanza leo kwa sababu ya mpira. Tena nikaongeza kwamba bila mimi hiyo timu yao isingekuwa na mtu wa katikati.

Mlinzi akanishika mkono. Nikamsukuma. Wachezaji walikuwa wamekwisha kujipanga kuingia, na Ellison akaona babu yake anavutwa. Akaacha mstari, akaruka uzio, akaja. "Mwachie!" akamwambia mlinzi. Kisha akanigeukia, "Babu, nakuomba, keti." Na yeye nikamwambia sikai.

Ndipo akashuka Mama Doreen. Huyu humjui. Ni mtu wa kwetu Malaita, wa upande wa Langalanga, na ndiye aliyewapikia hao vijana viazi na samaki tangu enzi za kokoto, kabla hawajajua mshahara. Bila sufuria yake hakuna Mamula. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Hakunitukana. Alivua ndala zake, akazishika mkononi, akasema, "Baba, nimekusikia. Umetoka mbali, hutasimama." Akawageukia wenzake. "Haya kina mama, tushuke. Na asicheke mtu."

Wakashuka, Rosina. Wazee kwa wasichana, na watoto wachanga. Wengine walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri wapate kivuli kile. Wakaketi ardhini kando ya uwanja, kwenye jua la kupasua jiwe. Walipofungua miamvuli wakaambiwa waifunge, inamziba mwamuzi wa pembeni. Wakaifunga.

Mimi nikaketi. Nyuma yangu viti vitupu mpaka kwenye paa. Mbele yangu migongo ya wanawake inatoka jasho. Nilikuwa nimeshinda, na sikujua macho niyaweke wapi.

Ellison hakucheza. Mwalimu wao, Mtahiti mmoja asiyepandisha sauti, alisema aliyeacha mstari akae benchi. Akaingizwa kijana mwingine mahali pake, na huyo ndiye aliyefunga goli la ushindi. Mamula wamemfunga mgeni wa Auckland! Honiara yote ilipiga honi. Wanawake walicheza ngoma pale pale chini, na mimi nikakaa kitini kama mzigo uliosahauliwa bandarini.

Baadaye mwanao alinipita na mfuko wake begani. Alisema tu, "Babu, gari la kukurudisha lile pale." Mtoto aliyelala mgongoni kwangu.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu baba. Alipokuwa akisafiri na meli, kina mama wakiwa juu, yeye hakuingia chini. Alibaki sitahani akanyeshewa mpaka Auki, akatetemeka, akanyamaza. Hakumwambia mwanamke hata mmoja ahame. Mila ile ilikuwa mzigo wake, akaubeba mwenyewe. Mimi ukuta ulikuwepo pale pembeni, ningesimama kimya nikaona mpira wote. Nikawatwika wanawake mzigo wangu, kisha nikauita mila. Mila siiachi, nakwambia wazi. Lakini nimeivunja, na aliyeishika siku ile ni Mama Doreen.

Jana nilimpelekea nguruwe. Akampokea, akamgawa kwa kina mama waliokaa juani. Nilipotaka kusema maneno yangu akanikatiza, "Baba, mimi sina kinyongo. Unayemtafuta si mimi." Nikaenda kambini kwa Ellison. Mlinzi wa getini alikuwa yule yule. Aliingia, akatoka, akasema, "Mzee, amesema hana hasira. Ila Jumamosi usije."

Jumamosi hii ijayo wanacheza na watu wa Tahiti. Kama yule kijana atawekwa tena na Ellison wetu akae benchi, huenda mahali pale pasiwe pake tena. Kwaleunga anasema nikamwone mwalimu, nimweleze mimi ni nani. Zamani ningekwenda mbio. Sasa sitakwenda. Nitakaa hapa nyumbani na redio.

Nakuomba jambo moja, mwanangu. Najua atakupigia simu, na najua wewe huwezi kusikia baba yako akisemwa. Safari hii msikilize mpaka amalize. Usimwambie mimi ni mzee, usimwambie ndivyo nilivyozaliwa. Usinitetee.

Kwaleunga na mkewe Nesta wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji yako Casper huko shambani, na wenzako wote mnaokula chungu kimoja. Mungu ailinde mikono yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi baba yako, nikupendaye hata siku ambayo sina cha kujisifia,

Silas Maelaua