Wifi, Usitutumie Tena Vidonge

Saluni ya Chumba cha Mbele,
Nyuma ya Soko la Nguo.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokuwa kinakukatiza maneno kimeshakuaga. Baridi ya huko imepungua? Unakula vizuri, au bado unakunywa chai tupu asubuhi na kukimbilia kazini? Najua utasema hayanihusu. Yananihusu sana. Mtu aliyenilelea mume tangu hajui kufunga kamba za viatu, nitaachaje kumuulizia chakula chake?

Sisi huku hatujambo. Binti yetu amenipita urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mimi nipo na vichwa vya watu kama kawaida. Vidole vinachoka lakini mdomo haujawahi kuchoka, kwa hiyo wateja hawanikimbii.

Kifurushi chako kimefika salama. Sabuni tumegawana, gauni limenibana kiunoni (nakushuku ulipima kwa makusudi), na soksi mdogo wako hazivui hata nikimwambia zinataka kufuliwa. Ahsante, wifi. Mkono wako haujawahi kuja mtupu. Ila ndani ya zile soksi kulikuwa na vidonge vya maumivu, na hivyo vidonge ndivyo vilivyonikalisha chini niandike. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu.

Nakuomba usitume tena vile vidonge, hata kimoja. Mdogo wako alifika mahali hawezi kupitisha siku bila kuvimeza, na tulikuficha. Sasa anaviacha, na amefika mbali kuliko nilivyothubutu kuomba, lakini kifurushi kama hiki kinaweza kumrudisha kulekule alikotoka.

Kabla hujaanza kulia, nisikilize. Hakuna mtu anayekulaumu hapa. Alipoanguka kutoka kwenye ngazi akipaka ule ukuta wa hoteli, aliumia kweli, na daktari ndiye aliyemwandikia dawa ile mara ya kwanza. Ukoo wenu nyie mkimpenda mtu mnampa dawa. Nakumbuka siku niliyoletwa kwenu nilipiga chafya moja tu mlangoni, mama yenu mkubwa akanijia na vichupa vitatu kabla sijaonyeshwa pa kukaa. Na wewe tangu mdogo wako aanguke hujakosa kumpigia hata Jumapili moja. Ukimuuliza mgongo unaendeleaje, anasema unauma. Ungefanya nini zaidi ya kwenda duka la dawa?

Lakini dawa ikawa inamezwa kabla ya maumivu, halafu ikawa inamezwa badala ya chakula. Alikuwa yupo na hayupo. Binti anamsimulia ya shuleni, anaitikia "mm, mm," kisha baada ya muda anamuuliza, "Vipi, shule leo ilikuwaje?" Mtoto akaacha kusimulia. Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote.

Mimi nikajipa cheo cha askari. Nikavificha vidonge ndani ya pakiti za nywele za kusukia, nikawa namgawia kimoja kimoja kama mpishi wa jeshi. Basi siku moja nafungua pakiti, mke wa muuza nyama kakaa kitini, vidonge hivyo pwaa, mapajani kwake! Mama wa watu akaruka akipiga kelele kwamba namtilia dawa ya kuvuta wateja. Alitoka upande mmoja umesukwa, mwingine umetimka, na mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unajua mimi ni mchawi. Cheka, wifi, hata mimi nacheka sasa. Siku ile nililia. Mdogo wako alinikuta nimekaa sakafuni naokota vidonge katikati ya nywele, akasema, "Mke wangu, twende kwa yule nesi."

Nesi mwenyewe ni mstaafu, watu wanamwita Mama Taratibu. Ana chumba nyuma ya zahanati, viti vya plastiki na feni iliyokataa kuzunguka. Daktari wa zahanati ndiye anayewapunguzia wagonjwa dozi kidogo kidogo. Kazi ya Mama Taratibu inaanzia pale mwili unapodai haki yake. Anawakalisha wafumbe macho, wafuate pumzi inavyoingia na kutoka, halafu anawaongoza kwa sauti ya chini: hamu ikija msiifukuze, wala msiikaribishe chai, iangalieni tu. Imekaa wapi mwilini? Inataka nini? Ilikuja baada ya jambo gani?

Siku ya kwanza mdogo wako alikoroma. Siku ya pili alicheka mpaka akatolewa nje akapunge upepo. Nilikata tamaa kabisa, nikasema huyu kichwa ngumu tutamweza wapi.

Kisha Mama Taratibu akamuuliza maumivu yake yana rangi gani. Wifi, unamuulizaje fundi rangi swali kama hilo? Akasema nyekundu. Halafu akasema hapana, nyekundu iliyotiwa kahawia. Halafu hapana tena, ni kama ukuta wa matofali ulionyeshewa, na pembeni imepauka, inahitaji kupigwa mkono wa pili. Wenzake walichoka naye. Lakini kwa kuitafuta ile rangi ilibidi ayatazame yale maumivu, na hakuwa amewahi kuyatazama. Alirudi nyumbani macho yamemtoka. "Kumbe yanabadilika!" akaniambia. "Asubuhi hayako hivi. Kuna saa hayapo kabisa."

Tangu hapo kila asubuhi anakaa kwenye kile kiti changu cha wateja, anafumba macho na kuangalia rangi zake kabla sijafungua mlango. Baada ya muda akagundua kwamba Jumapili ndiyo siku rangi inapokolea. Aliponiambia hivyo alichukua ufagio akaanza kufagia nywele sakafuni, na sikumchimba.

Usidhani mambo yalinyooka kama rula. Aliteleza. Alipata vidonge kwa mtu huko kazini, akaona aibu, akaacha kwenda zahanati. Mama Taratibu hakuja kumhubiria. Alimtumia ujumbe mfupi kwamba kiti chake bado kipo na hakuna aliyekikalia. Mdogo wako aliusoma, akauweka chini, akausoma tena, kesho yake akaenda.

Ndipo Alhamisi iliyopita ikaja taarifa kwamba kifurushi chako kiko posta. Mimi nilikuwa na mteja, akasema ataenda mwenyewe. Posta si mbali, unaijua. Nikaosha kichwa cha mteja, nikakisuuza, nikakitia povu tena ilimradi mikono iwe na kazi, hajarudi. Nilijua ndani ya kifurushi kuna nini, kwa sababu kila kifurushi chako kina soksi na kila soksi ina vidonge. Nikamwacha yule dada na povu kichwani nikatoka na kanga ya begani imelowa.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya posta. Kifurushi kiko mapajani, mikono juu yake, macho amefumba. Wifi! Nilijua ameshameza. Nikamshika mabega nikamtikisa mbele za watu, nikamwita kwa jina la baba yake.

Akafumbua jicho moja. "Usinitikise, mama," akasema. "Sijakifungua. Nasubiri ipite."

Nikaona gundi ya kifurushi iko vilevile ulivyoibandika. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Nikakaa pembeni yake. Sijui kutafakari, mimi hata nikisali nawaza bei ya shampuu, lakini nilifumba macho nikasikiliza pumzi yake. Watu wa posta walitupita, mmoja akauliza kama tumefiwa. Baadaye akashusha pumzi ndefu, akaniwekea kifurushi mikononi. "Kibebe wewe," akasema, na tukaenda moja kwa moja zahanati. Nilikifungulia mbele ya Mama Taratibu, vidonge akavichukua yeye. (Yule dada wa povu alijisuuza mwenyewe na amerudi jana. Nimemsuka bure.)

Nilimuuliza njiani kwa nini asikuambie mwenyewe kwenye simu. Akasema anajaribu, ila akisikia tu sauti yako ulimi unageuka. Wewe ndiye uliyemlea, na mkono wako hajui kuukataa. Kwa hiyo kazi ya kusema imeniangukia mimi, na wewe usininunie. Ukitaka kununa, nuna siku moja, kisha uendelee.

Ombi langu la pili ni hili. Ukipiga simu, mgongo usiuulizie. Muulize anapaka nini. Sasa hivi anapaka korido ya shule, njano ambayo aliichanganya mwenyewe mara nne akiitafuta, na anaweza kukuelezea njano hiyo mpaka salio likaisha. Muulize hayo. Binti ameanza tena kumsimulia ya shuleni, naye anamjibu.

Kuna jambo moja zaidi aliloliona alipokuwa anajitazama kule ndani. Ameniambia juzi, na si langu kulisema. Mama Taratibu anasema mtu akishaliona la kwake alitoe kwa mkono wake. Nimemwachia nafasi hapo chini. Amezunguka karatasi hii tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Nisalimie shemeji na kipara chake, mwambie nywele zikiota nitakuja kumsuka. Msalimie mjukuu wenu Bwana Mkubwa, na yule jirani yako fundi saa anayekusaidia kubeba mizigo. Binti anakubusu mikono yote miwili. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mzuri, na akuondolee fikra kwamba ulitukosea, maana hukutukosea.

Ni mimi wako akupendaye sana,
Wifi yako mwenye mdomo.

Dada, shikamoo.
Mgongo ulishapona zamani. Sikuwa nakudanganya kwa kupenda, kila ulipopiga niliusikia unauma kweli. Kabla sijaanguka ulikuwa unanipigia mara moja kwa mwaka. Niliogopa nikipona utaacha.
Mimi mzima, dada. Nipigie Jumapili.