Sauti ya Pili Mnashuka

Mjukuu wangu Upendo,

Kamwene. Huku Kihesa hatujambo. Mvua imeanza, mahindi yameota, na shangazi yako anakusalimu.

Umeniuliza kutoka huko Ilomba kama ni dhambi kutoimba Krismasi hii, ya kwanza bila baba yako. Sidhani. Lakini nikusimulie kuhusu mama yangu.

Nilikuwa msichana baba yangu alipofariki, Krismasi ikiwa karibu. Mama ndiye aliyefundisha kwaya, na sasa alinyamaza kabisa. Wanakwaya wakaja nyumbani, wakakaa uani kutumenyea viazi, huku wakiimba taratibu wimbo wa Krismasi. Mama akasema kutoka jikoni, "Sauti ya pili mnashuka." Wakaanza upya, wakakosea tena. Akatoka na mwiko mkononi kuwaelekeza.

Siku yenyewe aliimba kwamba Bwana amezaliwa, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Mimi nilikuwa nadhani mtu humaliza kulia kwanza ndipo afurahi.

Baba yako nilimzaa mimi, kwa hiyo sitakudanganya. Kanisani nitakwenda. Ubeti wa kwanza ukinishinda, nitaingia kwenye kiitikio.

Bibi yako