Yotham kaniibia sauti

Sidonia pokea simu bwana. Haya, nakuandikia.

Yotham kaniibia sauti. SAUTI, Sido!

Unakumbuka ile blogu ya miongozo ya chanjo za mifugo tuliyoanzisha naye? Akataka na podikasti, nikakataa. Wafugaji wananiamini, siwezi kusoma nisichokiandika. Akasema sawa dada, hakuna haraka. Juzi akaniomba nimsomee kurasa mbili tatu, eti anajaribu maiki.

Kumbe anaifundisha kompyuta kuongea kama mimi!

Leo naingia ofisini, napewa hongera. Hongera ya nini? Wakanifungulia podikasti kwenye simu. Najisikia nasalimia "Mbukwenyi", nacheka kile kicheko changu cha puani, halafu nawaambia watu wachanje hata mbuzi wenye mimba. Mimi niliandika wasubiri wazae! NILIANDIKA!

Nikamfuata Yotham mezani kwake. Hata kichwa hakuinua. "Flavi, ulikuwa na kazi nyingi, sikutaka kukusumbua."

Hakutaka kunisumbua!! Mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe!

Nikatoka nje nalia, nikaazima simu ya mlinzi maana saa hiyo yangu haikuwa na salio, nikampigia mama yangu kule Gulwe. Kabla sijajitaja akaniambia mwanawe Flaviana kaongea kwenye redio ya simu, kaongea vizuri mno, na kesho wanachanja mbuzi wote.

Nikamwambia, mama, msichanje, yule si mimi. Mimi ndiye Flaviana.



Akasema, "Dada, mwanangu namjua sauti. Wewe ni nani?"

Akakata.